Arobaini

Kadi ya mwaliko imeandikwa kwa wino wa dhahabu:
miaka arobaini tangu mabalozi wabadilishane hati.
Mimi sikualikwa. Niliagizwa visheti, masinia sita,
na kahawa ya watu mia,
niingie kwa mlango wa jikoni, hoteli ya Dahariz,
saa kumi na moja jioni, nimevaa vizuri.

Arobaini. Kwetu neno hili lina kazi nyingi.
Mzazi hutolewa nje siku ya arobaini.
Mwizi naye, zake zinahesabiwa.
Na maiti, siku hiyo husomewa hitima,
majirani wakakunja mikeka, wakaenda makwao,
wakakuachia nyumba yako na kilio chako.
Kumbe na nchi nazo hufikisha.

Kharifu imeondoka Salala wiki hii.
Milima bado imevaa kijani cha kuazima,
ngamia wamejaa barabarani kama ndio waliolipia lami.
Nyuma ya kijani hicho kuna njia ya Thumrait.
Hapo ndipo lilipolipuka lori, mwaka wa sabini na nne,
na ndani yake kaka yangu, fundi wa redio,
anarudi nyumbani kula Idi.
Mahfudh. Aliyehifadhiwa.
Mama hakukubali mjukuu yeyote apewe jina hilo.

Hotuba zilikuwa nne. Ndugu, jirani, bandari, ndugu.
Neno vita halikutajwa; liliitwa "kipindi kile",
kama mgeni aliyevunja kikombe
na mwenyeji anajifanya hakuona.
Bendera mbili mezani zikipepewa na feni moja.
Nikapita na dele.

Mtu mmoja wa ujumbe wa upande wa pili,
mvi, kifaa cha kusikilizia sikio la kushoto,
akachukua kisheti, akakitafuna taratibu,
akasema: "Iliki haikutosha."
Kwa Kiswahili. Cha Mambrui.
Nusura nimmwagie kahawa kanzuni.

"Baba alikuwa na duka kule. Mimi Faraj Bahamish.
Vitani niliwekwa Hauf, na vipokea sauti masikioni.
Wenzangu walijua Kiarabu, mmoja alijua Kiingereza.
Usiku vijana wenu wakibadili lugha,
wakidhani wameshafunga mlango.
Mimi nilizaliwa na ufunguo."

Akanyamaza. Kisha, bila kuulizwa:
"Kulikuwa na mmoja, kila Ijumaa anasema
visheti vya mama yake vimefika na lori,
vimevunjika vyote, wanavila kwa kijiko.
Nilikuwa nikingoja Ijumaa."

Sikumwambia ni nani. Nilimuuliza:
"Uliyoyasikia, uliyapeleka?"

Kifaa kikapiga mluzi mwembamba. Akakigusa.
"Ya lori na saa zake, niliyaandika.
Ya visheti sikuyaandika."

Lakini lori lilikuwa moja.

Huko mbele wakapiga makofi: keki inakatwa,
mikono miwili juu ya kisu kimoja, picha, tena picha.
Hapa mtu akitosheka hutikisa kikombe.
Yeye alikinyoosha, hakukitikisa.
Nikamimina. Hakukitikisa.
Nikamimina, na mkono wangu haukutetemeka,
jambo ambalo mpaka leo linanitia hofu.
Mara ya tatu dele lilikuwa tupu
na sote wawili tulilitazama.

Nilirudi na masinia sita, nikayaosha.
Nikatandika mkeka sebuleni, peke yangu,
nikamsomea Mahfudh, nikakosea aya, nikarudia.
Sijui kama nchi hutoka edani.
Sijui yule mtu alitaka nimpe nini,
na kama alikitaka, hakukitaja.

Ila nilionja kisheti kilichobaki.
Iliki kweli haikutosha.
Hilo tu nimemkubalia.